Elimu ya Samaki Asiye na Bei

Waliotuundia istilahi za elimu ya juu katika Kiswahili walitupatia maneno mazuri. Shahada ile ya tatu, inayompa mtu haki ya kuitwa daktari hata kama hajawahi kushika sindano, waliiita shahada ya uzamivu. Mzamiaji ni mtu tunayemfahamu, pwani na hata maziwani. Huvuta pumzi, hushuka mahali ambapo jicho la mwenye chombo halifiki, na baada ya muda huibuka. Walio juu hawamwulizi kwanza alijisikiaje huko chini. Humtazama mikono.

Jambo ninalotaka kulitafakari hapa ni hilo la mikono. Mtu akizama katika elimu kwa miaka minne au mitano, kisha akaibuka na jambo lisilopikika, lisilouzika wala kumponya mgonjwa, je, alikuwa na haki ya kuzama? Na iwapo ameibuka na lulu, lulu hiyo ni ya nani: ni yake, ni ya aliyemlipia safari, au ni ya wale walioshika kamba juu ya chombo muda wote alipokuwa chini?

Maswali haya yanaihusu elimu yoyote, lakini nitayauliza kwa habari ya elimu moja tu, yaani ikolojia na mageuko ya viumbe. Ikolojia huchunguza jinsi viumbe wanavyoishi pamoja mahali pao: nani humla nani, nani humkimbia nani, nani hutegemea uchafu wa nani. Elimu ya mageuko huuliza imekuwaje hata viumbe hao wakawa hivyo walivyo. Anayetaka udaktari katika elimu hizi hatakiwi kukariri yanayojulikana. Anatakiwa kuongeza jambo ambalo kabla yake halikujulikana na mtu yeyote. Kwa kuwa dunia ni kubwa na maisha ni mafupi, hana budi kuchagua swali dogo sana, dogo kiasi cha kuwachekesha jirani zake. Mmoja atahesabu mayai ya ndege wa aina moja kwa misimu minne. Mwingine atapasua matumbo ya samaki elfu kadhaa na kuandika kilichomo. Siku nyingi hupita katika kupima, kupanga chupa, kusubiri mvua ikatike na kutengeneza injini ya mashua. Kisha huandika tasnifu, na tasnifu hiyo husomwa kwa makini na watu wachache mno.

Mfano ninaoufahamu vizuri ni ule wa furu wa Ziwa Victoria, na ndio nitakaoutumia.

Furu ni samaki wadogo. Wengi wao hawazidi urefu wa kiganja cha mkono. Sisi watoto wa kandokando ya ziwa tuliwavua kwa ndoana na chambo cha nyungunyungu, na hapakuwa na mtoto aliyejisifu kwa kurudi nyumbani na furu. Akina mama waliwaanika juani, na nyumba ambayo haikuwa na kitoweo kingine ilikula furu. Mwenye fedha alitafuta sato. Tulijua kuwa wapo furu weusi, wekundu, na wa samawati, lakini wote kwetu walikuwa furu. Maafisa wa uvuvi wa enzi za ukoloni nao waliwaona kama takataka za ziwa, samaki wanaojaza wavu bila kujaza mfuko.

Sasa tazama walichokikuta wale waliokubali kuinama na kumtazama samaki huyo asiye na bei. Furu wa Ziwa Victoria si aina moja, bali ni zaidi ya spishi 500, na karibu zote hazipatikani mahali pengine popote ulimwenguni. Wapo wanaokwangua miani kwenye miamba kwa meno mafupi yaliyopangika kama brashi. Wapo wanaovunja konokono kwa mataya mazito, na wapo wanaomchomoa konokono katika gome lake bila kulivunja. Wapo wanaokula magamba ya samaki wenzao. Jike wa furu hulea mayai na watoto wake ndani ya kinywa, na kwa sababu hiyo wakatokea furu wengine ambao chakula chao ni mayai na watoto hao hao, wakimlazimisha mama awateme. Zaidi ya hayo, wanasayansi waliochunguza matope ya kitako cha ziwa walikuta dalili kuwa ziwa hilo lilikauka yapata miaka 15,000 iliyopita. Kwa hiyo, sehemu kubwa ya spishi hizo imetokea katika muda ambao kwa hesabu za dunia ni kama jana jioni. Hakuna mahali panapojulikana ambapo wanyama wenye uti wa mgongo wamegawanyika kwa wingi na kwa haraka kiasi hicho.

Mwaka 1977 watafiti kutoka Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, walianza kazi katika Ghuba ya Mwanza. Kikundi chao kilijulikana kwa kifupi kama HEST, na mmojawapo alikuwa Frans Witte, ambaye aliwashughulikia furu hadi alipofariki mwaka 2013. Wakati ule uvuvi wa furu kwa nyavu za kukokotwa na meli ulikuwa umeanza, na Mwanza palikuwa na kiwanda cha kuwasaga kuwa chakula cha mifugo, hivyo ilifaa kujua ni kiasi gani kingeweza kuvuliwa bila kuwamaliza. Vijana wa kikundi hicho, wengi wao wakiwa katika safari ya kutafuta udaktari, walivua, wakapima, wakachora, wakahifadhi samaki ndani ya chupa za dawa, na kuwapa majina ya muda kwa sababu majina ya kitaalamu yalikuwa hayajatungwa.

Walipokuwa wangali wanahesabu, sangara akafika. Samaki huyo mkubwa aliletwa ziwani kutoka maziwa ya Albert na Turkana kuanzia miaka ya 1950, kwanza upande wa Uganda, kwa nia ya kuwageuza furu wasio na bei kuwa nyama yenye bei. Miaka mingi hakuonekana kuwa na nguvu. Kisha, katika miaka ya 1980, akaongezeka ghafla. Katika Ghuba ya Mwanza furu wa maji ya kina, ambao hapo awali walijaza nyavu, wakatoweka karibu wote katika miaka michache. Inakadiriwa kuwa spishi zipatazo 200 zilipotea ziwani kote. Sangara hakuwa peke yake katika jambo hilo. Uvuvi wenyewe ulikuwa umezidi, na maji yalikuwa yanapoteza mwanga na hewa kwa sababu ya mbolea, udongo na uchafu ulioteremka kutoka mashambani na mijini. Tijs Goldschmidt, mmoja wa watafiti hao, alisimulia habari hii katika kitabu chake kilichotoka kwa Kiholanzi mwaka 1994, naye hakuficha hali ya ajabu ya mtu anayeandika tasnifu kuhusu viumbe wanaomtoka mikononi.

Hapa ndipo swali la haki linapouma. Kijana mmoja niliyemfundisha katika chuo cha ualimu, ambaye alikuwa mwalimu pekee wa baiolojia katika sekondari ya kata, alipata nafasi ya kusomea uzamivu kuhusu samaki wa ziwa letu. Alinijia kutaka ushauri, na maneno yake yalikuwa mazito. “Mwalimu,” alisema, “wanafunzi wangu wanne wanasoma kitabu kimoja. Nikiondoka hakuna atakayewafundisha hadi serikali ilete mwingine. Nami nakwenda kupima meno ya samaki. Nitawaambia nini wazazi wao?”

Hoja yake inastahili kujibiwa bila kuipunguzia uzito. Kwanza, nchi yetu ina mahitaji mengi, na kila shilingi inayotumika kwa jambo moja haitumiki kwa jingine. Pili, wale waliowachunguza furu kwa uaminifu wote hawakuweza kuwaokoa. Walihesabu, wakaandika, na furu wakaenda zao. Tatu, sangara aliyewala furu aliwaletea watu fedha. Viwanda vya minofu vilijengwa, samaki akasafirishwa hadi Ulaya, vijana wakapata ajira na wengine wakajenga nyumba za bati. Ni kweli pia kwamba minofu ilipopanda ndege, mlalahoi wa Mwanza alibakiwa na mapanki, yaani vichwa na mifupa. Na kwamba sangara, kwa kuwa ana mafuta mengi, haanikiki juani kama furu, hivyo miti mingi ilikatwa ili kumbanika. Lakini anayemwambia mvuvi kwamba sangara alikuwa hasara tupu ajiandae kupingwa, na mvuvi atakuwa na sababu zake.

Watetezi wa sayansi wana jibu lao la kawaida: elimu isiyo na faida leo huenda ikafaa kesho. Jibu hilo si la uongo, na habari za furu zinalithibitisha vizuri. Katika miaka ya 1990 sangara alipopungua kwa kuvuliwa mno, baadhi ya furu walianza kuonekana tena, hasa wale wanaokula vijidudu vya majini na masalia yaliyooza. Watafiti walipowapima waligundua kuwa si sawasawa na babu zao. Matamvua yao yalikuwa makubwa zaidi, kama inavyomfaa samaki anayeishi katika maji yenye hewa chache, na baadhi yao walikuwa wamebadili chakula. Mageuko, ambayo vitabu vya zamani viliyaeleza kama jambo la maelfu na maelfu ya miaka, yalionekana yakitokea katika muda usiotosha mtu kulea mtoto na kumwozesha. Wangejuaje kwamba furu hawa wamebadilika? Walijua kwa sababu zile chupa zilikuwapo, na ndani yake samaki wa miaka ya 1970 waliohifadhiwa na watu ambao hawakujua kuwa wanahifadhi ushahidi.

Kila mkuu wa chuo anaifahamu hali hiyo. Kwa miaka mingi nilitia saini daftari la mahudhurio kila asubuhi. Kurasa nyingi hazikusomwa tena na mtu. Lakini siku moja huja mjane anayedai mafao ya mumewe, au huja polisi wanaouliza kama kijana fulani alikuwapo chuoni tarehe fulani, na siku hiyo ukurasa mmoja huwa na thamani kuliko daftari zima. Huwezi kuujaza ukurasa huo siku ile unapohitajika, kwa maana wakati wake umekwisha kupita. Ulipaswa kujazwa siku ile ambayo haukuwa na kazi.

Hata hivyo, nikiishia hapo nitakuwa nimeikimbia hoja. Nikisema kuwa elimu ni halali kwa sababu huenda ikalipa baadaye, nimekubali kwamba kisicholipa si halali, na nimemrudisha furu sokoni kule kule alikokataliwa. Kwa hakika yapo mengi yaliyochunguzwa ambayo hayatalipa kamwe. Basi nataka kusema jambo jingine ambalo ni gumu zaidi kulitetea.

Kwetu, hata maiti ya mgeni iliyookotwa ufukweni haizikwi kabla watu hawajauliza jina lake. Watu huulizana, hutuma habari vijiji vya jirani, humtazama kama ana alama. Kuuliza huko hakumfufui maiti, na wala hakumletei muulizaji faida. Lakini jamii inayozika bila kuuliza tunaiona kuwa imepungukiwa na utu, kwa kuwa imemfanya aliyekuwapo awe kama hakuwapo. Nadhani kazi ya wale waliowaandika furu ilikuwa ya namna hiyo. Spishi nyingine zilipewa jina la kitaalamu baada ya kuwa hazionekani tena ziwani. Mtu anaweza kucheka: jina la nini kwa aliyekwisha kupotea? Mimi naona tofauti kubwa kati ya watu waliopoteza na kujua walichopoteza, na watu waliopoteza bila hata kujua. Wale wa kwanza wanaweza kujuta, kujifunza na kujizuia safari nyingine. Wale wa pili wataendelea kudhani kuwa ziwa limekuwa hivyo siku zote. Mtoto anayezaliwa leo ziwani ataliona ziwa la sangara, dagaa na sato wa kuletwa kuwa ndilo ziwa lenyewe, isipokuwa yuko mtu aliyeandika mambo yalivyokuwa.

Kwa hiyo nilimwambia yule kijana aende. Sikumficha gharama yake. Niliwataja wanafunzi watakaobaki bila mwalimu, kwani dhuluma hiyo ni ya kweli na haifutwi na uzuri wa furu. Lakini nilimwambia kwamba nchi ambayo inawaachia wengine kazi ya kulijua ziwa lake haijaondokana na umaskini kwa kufanya hivyo. Imeongeza umaskini wa aina nyingine.

Kukubali kwamba uzamivu wa namna hii ni halali hakumwondolei mzamiaji madeni. Nayaona madeni matatu.

La kwanza ni la walioshika kamba. Wahenga walisema, usisahau ubaharia kwa sababu ya unahodha. Elimu ya mageuko ina deni kuukuu katika jambo hili. Charles Darwin alipokuwa kijana anayesomea utabibu Edinburgh, alifundishwa kukausha na kuhifadhi ndege na mtu mweusi aliyetoka utumwani Guyana, aliyeitwa John Edmonstone. Ufundi huo ulimfaa Darwin alipokusanya ndege wa visiwa vya Galápagos mwaka 1835. Katika maandishi ya maisha yake aliyoyaandika uzeeni alimsifu mtu huyo kuwa mpole na mwenye akili, akasema kuwa mara nyingi alikaa naye, lakini jina lake hakuliandika. Alfred Russel Wallace, aliyeifikia nadharia hiyo hiyo kwa njia yake, alifuatana kwa miaka mingi na kijana wa Kimalay aliyeitwa Ali. Mwaka 1858, katika kisiwa cha Bacan, ni Ali aliyemleta ndege mmoja wa ajabu wa jamii ya ndege wa peponi ambaye wataalamu hawakumjua. Wallace mwenyewe aliliandika jambo hilo waziwazi, na hilo ni la kumsifu. Lakini wataalamu wa London walipompa ndege huyo jina, walimpa jina la Wallace.

Sidai kuwa mwenye mashua aandikwe kuwa mtungaji wa tasnifu. Kuuliza swali, kupanga ushahidi na kubeba lawama ya kukosea ni kazi nyingine, na ndiyo inayotunukiwa shahada. Lakini mvuvi anayejua kwamba furu fulani hupatikana penye mchanga na mwingine penye mwamba, na kwamba mmoja hupanda juu usiku, hatoi nguvu za mikono tu. Anatoa elimu. Wavuvi wana jina lao, mbipi, kwa furu wa kwenye miamba, na wanasayansi walilichukua jina hilo katika maandishi yao ya mwaka 1998. Jenasi moja ya mbipi waliiita Pundamilia, kwa ajili ya milia yao. Mapema zaidi, mwaka 1985, furu mmoja mwenye mgongo mwekundu alipewa jina la nyererei, kwa heshima ya Mwalimu. Na mwaka 2010 furu mwingine alipewa jina la katunzii, kwa heshima ya Egid Katunzi, mtafiti wa Kitanzania aliyewashughulikia samaki wa ziwa hilo. Haya ni mambo mema. Yanaonyesha kuwa shukrani inaweza kutoka ukurasa wa mwisho wa tasnifu na kuingia katika elimu yenyewe.

Deni la pili ni la lugha. Mgeni njoo, mwenyeji apone, tunasema. Lakini mgeni wetu huyu mara nyingi huondoka na dawa ndani ya mkoba. Sheria zimejitahidi. Tume ya Sayansi na Teknolojia iliyoundwa mwaka 1986 hutoa vibali vya utafiti, na Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010 inataka mataifa yagawane kwa haki faida zitokanazo na mbegu na chembe za urithi za viumbe. Lakini hakuna sheria inayomlazimisha mtu kurudi kijijini na kusema kwa Kiswahili, “Jamani, mlinipokea miaka minne, na haya ndiyo niliyoyaona.” Tasnifu za furu zimeandikwa kwa Kiingereza, na hata Mtanzania akisoma Dar es Salaam huandika tasnifu yake ya ikolojia kwa Kiingereza. Matokeo yake ni kwamba mwalimu wa shule ya msingi ya Nyegezi anaweza kufundisha habari za simba na tembo kwa miaka thelathini bila kujua kwamba nyuma ya darasa lake, ndani ya maji, kulikuwa na ajabu kubwa kuliko hizo. Mimi nasema kwamba elimu ambayo haijarudi kwa lugha ya walioitoa haijakamilika, hata ikiwa imepata alama za juu.

Wala kurudi huko si jambo la adabu tu. Ole Seehausen na wenzake walionyesha mwaka 1997 kwamba jike wa furu humtambua dume wa aina yake kwa rangi. Maji yakichafuka, rangi hazionekani. Jike hukosea dume, na aina mbili zilizokuwa mbalimbali huchanganyikana zikawa moja. Yaani spishi inaweza kupotea bila samaki hata mmoja kuuawa, kwa sababu tu ya ukungu wa maji. Mkulima anayelima hadi ukingo wa mto akielezwa jambo hilo kwa lugha yake ataelewa upesi, kwa sababu anajua tope linatoka wapi. Asipoelezwa, hana namna ya kujua kwamba jembe lake linagusa ndoa za samaki.

Deni la tatu ni la kusema kwa wakati. Mwaka 1960, Geoffrey Fryer, aliyefanya kazi ya utafiti wa samaki Afrika Mashariki, aliandika katika jarida la kilimo la eneo letu akipinga mpango wa kumleta sangara, na akaeleza kwa nini ulikuwa wa hatari. Hakusikilizwa. Sangara alikuwa amekwisha kutiwa ziwani kimyakimya, na baadaye akaongezwa rasmi. Kuna watu husema kwamba onyo lisilosikilizwa ni kazi bure. Mimi sikubali. Kwa sababu ya maandishi yake, hakuna anayeweza kusema leo kwamba jambo lile halikuweza kujulikana. Waliotenda walitenda huku onyo limekwisha kuandikwa, na lawama yao ni ya namna nyingine. Mtaalamu hana uwezo wa kuwalazimisha watawala, lakini uwezo wa kutonyamaza anao, na kwa huo atahukumiwa.

Huko Leiden, katika chuo kilichoanzishwa mwaka 1575, mtahiniwa huitetea tasnifu yake hadharani kwa dakika 45. Muda ukitimia, mtumishi wa chuo huingia na kutamka kwa Kilatini kwamba saa imefika, na hapo maneno hukoma hata kama mtu yuko katikati ya sentensi. Pamoja na tasnifu, desturi ya Uholanzi ni kumtaka mtahiniwa atoe orodha ya kauli anazoweza kuzitetea, na baadhi ya kauli hizo hazihusu somo lake kabisa. Naipenda desturi hiyo. Inamkumbusha mtu kuwa kumjua samaki mmoja hakumpi ruhusa ya kutojua mengine, na kwamba daktari wa falsafa anapaswa kuwa na la kusema kuhusu dunia anamoishi samaki wake.

Kama ningepewa nafasi ya kuongeza desturi moja katika vyuo vyetu, ningetaka kila mzamivu atoe utetezi wa pili, baada ya ule wa wasomi. Ufanyike mwaloni, asubuhi mitumbwi inaporudi, mbele ya wavuvi, akina mama wachuuzi na walimu wa karibu. Asiulizwe kuhusu takwimu. Aulizwe alichokiona, ni nani aliyemsaidia kukiona, na ni jambo gani analolijua sasa ambalo wao nao wanapaswa kulijua kabla hawajashusha nyavu tena. Asiwe na dakika 45 tu. Watu wa mwaloni wakipata mtu wa kujibu huwa na maswali mengi. Na anayeshindwa kueleza hapo, arudi akajifunze zaidi, hata kama cheti chake kimekwisha kutiwa saini.